Sura ya Sita: Muhogo Mchungu na Pumzi ya Seli

Konzo haipigi hodi. Mtoto analala mzima, asubuhi anashuka kitandani na miguu haimtii: magoti yanabanana, visigino havigusi chini, akisogea anatembelea ncha za vidole. Hana homa. Akili yake timamu, na ukimuuliza jana alicheza wapi atakwambia. Ulemavu huo hauzidi kadiri siku zinavyokwenda, lakini hauponi pia. Aliyeanza kushika fimbo akiwa na miaka saba atazeeka nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa huu ulizuka katika Wilaya ya Mbinga, wakati wilaya hiyo ilikuwa bado inafika majini, kabla ufukwe wake wa Ziwa Nyasa haujakatwa kuwa wilaya inayojitegemea. Ulizuka Mtwara pia. Kote huko mambo yalikuwa yale yale: mvua zimekataa, chakula kimepungua, na watu wanakula ugali wa muhogo mchungu ambao haukuandaliwa inavyotakiwa.

Ugonjwa wenyewe si mgeni. Daktari Mwitaliano Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938 kutokana na aliyoyaona Kwango, Kongo. Mwaka 1981 uliikumba Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, na waliohesabiwa walizidi elfu moja. Miongoni mwa walioushughulikia huko ni Hans Rosling, kijana wa Kiswidi aliyekuwa daktari wa wilaya Nacala, ambaye baadaye aliufuatilia kwa miaka mingi katika nchi kadhaa za Afrika. Mwaka 1985 ilikuwa zamu ya Tarime, mkoani Mara. Kila ulikozuka uliwachagua watoto waliokwisha kuachishwa ziwa na kina mama walio katika umri wa kuzaa, na kila ulikozuka sahani ilikuwa na ugali wa muhogo bila kitoweo cha maana.

Kinachotafuta miguu ya watoto hao ni sianidi, sumu ya muhogo huo, na pahali inapopiga ni padogo mno. Haichomi tumbo wala haigandishi damu. Inakwenda hadi ndani ya seli na kuziba mlango mmoja, ule ambao oksijeni tunayoivuta huingilia kazini. Ndiyo maana nimeona sura hii ya upumuaji wa seli ianzie kwenye shamba la muhogo na si kwenye mapafu. Mapafu hufikisha hewa tu. Kupumua kwenyewe, kule ambako chakula hugeuzwa kuwa nguvu, hufanyika ndani ya seli, na mtu anaweza kuwa na mapafu mazima yaliyojaa hewa safi ya ziwani huku seli zake zinakosa pumzi.

Tuanze na mmea. Muhogo hauhifadhi sianidi ikiwa huru, kwa sababu ungejiua wenyewe. Huifunga katika sukari maalumu iitwayo linamarini na kuiweka katika vifuko vya ndani ya seli zake. Kimeng'enya kinachoweza kuifungua hukaa mbali nayo, kwenye kuta za seli. Maadamu mzizi ni mzima, viwili hivyo havikutani. Panya akiutafuna, au jembe likiuchubua, seli hupasuka, kimeng'enya hukutana na sukari ile, na sianidi hutoka. Mama anayetwanga kisamvu kwenye kinu anafanya jambo hilo hilo kwa makusudi. Majani ya muhogo yana linamarini nyingi, lakini yana kimeng'enya kingi vilevile, na mchi unapoyaponda hadi yanalowa maji yake mwenyewe, sumu hufunguliwa na kuanza kupotea hewani hata kabla sufuria haijabandikwa. Kisamvu kilichokatwakatwa kwa kisu tu na kuchemshwa haraka hakilingani nacho, hata kikiiva vipi.

Mzizi una kimeng'enya kidogo zaidi, kwa hiyo unahitaji muda. Ukilowekwa siku tatu au zaidi hadi ukalainika, vijidudu huubomoa kutoka ndani, sukari na kimeng'enya vikakutana, na sehemu kubwa ya sumu ikaondoka. Ukimenywa, ukapasuliwa na kuanikwa juani moja kwa moja kuwa makopa, hukauka kabla kazi haijaisha, na sumu nyingi hubaki humo kwenye unga mweupe unaopendeza macho. Ukame huharibu pande zote mbili. Muhogo uliokosa maji hujijaza sumu zaidi, na familia iliyoishiwa akiba haina siku za kungojea. Huko Masasi mwaka 1988 watu walilewa sumu kwa unga ulioandaliwa kwa njia ya mkato waliyoiita chinyanya, ya kuponda na kuanika muhogo upesi upesi ili uliwe mapema. Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania alikuwa miongoni mwa walioichunguza habari ile, na jina lake linarudi tena katika uchunguzi wa konzo kusini miaka mingi baadaye.

Sasa tuufuate ugali wenyewe. Wanga unapofika utumbo mwembamba humaliziwa kukatwa kuwa glukosi, ambayo huingia katika damu na kufika kwenye kila seli. Ndani ya seli, kabla oksijeni haijahusika kwa namna yoyote, glukosi hupasuliwa vipande viwili kwa hatua kumi zinazofuatana. Faida ya kazi yote hiyo ni molekuli mbili tu za ATP. ATP ndiyo inayotumika moja kwa moja pale msuli unapojikunja, pale neva inapojiandaa kupeleka taarifa, pale seli inapojenga protini. Mwili hauweki akiba yake. Kwa wakati wowote una gramu chache tu za ATP, hazifiki mia, lakini kwa siku nzima huitengeneza, huivunja na kuitengeneza upya kiasi kinachokaribia uzito wa mwenye mwili. Ikikatika kwa dakika chache, ubongo ndio wa kwanza kulalamika, maana una uzito wa asilimia 2 tu ya mwili na unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zote.

Vile vipande viwili huingia kwenye mitokondria, vyumba vidogo ambavyo karibu kila seli yetu inavyo kwa mamia au maelfu. Chembe nyekundu za damu hazina hata kimoja, nazo ndizo zinazobeba oksijeni. Zinaipeleka kwa wengine bila kuigusa. Ndani ya mitokondria, katika mzunguko ambao Hans Krebs aliueleza mwaka 1937, kaboni ya chakula hung'olewa kidogo kidogo na kutoka ikiwa hewa ya ukaa. Kwa njia hiyo sehemu kubwa ya ugali tulioula jana imeshatoka kupitia puani. Watu wengi hudhani oksijeni tunayoivuta ndiyo inayorudi nje ndani ya hewa hiyo ya ukaa. Sivyo. Oksijeni ya pumzi yetu huingia kazini mwisho kabisa, na huishia kuwa maji.

Kinachobaki baada ya kaboni kuondoka ni elektroni zenye nguvu nyingi. Hizi hupokelewa na protini zilizopandwa katika utando wa ndani wa mitokondria, zikapitishwa kutoka protini moja hadi nyingine, na kila zinapopita hupoteza sehemu ya nguvu zake. Nguvu hiyo hutumika kusukuma protoni kutoka upande mmoja wa utando hadi upande wa pili. Mwisho wa safari kuna kimeng'enya kiitwacho sitokromu oksidesi. Hiki ndicho kinachozikabidhi elektroni kwa oksijeni, na oksijeni ikizipokea pamoja na protoni, maji hupatikana.

Wanakemia wa zamani walitafuta bila kuchoka jinsi safari hii ya elektroni inavyozaa ATP. Walidhani kuna molekuli fulani ya kati, wakaitafuta kwa miaka, hawakuiona. Mwaka 1961 Mwingereza Peter Mitchell alisema hawataiona kwa sababu haipo, na kwamba nguvu zimo katika zile protoni zilizorundikana upande mmoja. Wengi walimpuuza. Baadaye alijiondoa chuo kikuu, akakarabati nyumba ya kale karibu na Bodmin, kusini magharibi mwa Uingereza, akaifanya maabara, na mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel. Aliyepata kuona mitambo ya umeme ya Tulila, ile ya masista Wabenedikto wa Chipole kwenye Mto Ruvuma, hatapata taabu kumwelewa: maji huzuiwa juu, na njia pekee ya kushuka ni kupitia kwenye mtambo ambao lazima wauzungushe. Protoni nazo hazina njia ya kurudi isipokuwa kupitia protini moja ambayo, kwa hakika kabisa, huzunguka. Kila mzunguko mmoja huzalisha ATP tatu, na mizunguko hufika zaidi ya mia kwa sekunde. Glukosi ile ile iliyotoa ATP mbili bila oksijeni sasa hutoa takriban thelathini.

Hapo ndipo sianidi inapoingilia. Katika moyo wa sitokromu oksidesi kuna chembe ya chuma ambayo oksijeni hujishikiza. Sianidi hujishikiza hapo hapo, na hung'ang'ania. Elektroni zikikosa wa kuzipokea mwishoni, zinasimama. Zilizo nyuma yake zinasimama pia, na zilizo nyuma ya hizo, hadi mzunguko wa Krebs wenyewe unasita. Protoni hazisukumwi tena, zilizokwisha kurundikana zinaisha, ile protini haizunguki. Damu imejaa oksijeni, inapita, inarudi nayo. Kwa sababu hiyo mtu aliyekunywa sianidi nyingi kwa mara moja anaweza kuwa na damu nyekundu ya kung'aa hata kwenye mishipa ya kurudia moyoni. Seli zimeshindwa kuichukua oksijeni iliyo mlangoni.

Nisisahau kwamba elimu yetu juu ya mlango huu ililetwa na sumu hiyo hiyo. Otto Warburg, Mjerumani aliyepata Nobel mwaka 1931, aligundua kwamba kiasi kidogo sana cha sianidi husimamisha upumuaji wa seli, akahitimisha kwamba lazima kuna kimeng'enya chenye chuma. Alitumia pia kaboni monoksaidi, ile hewa ya jiko la mkaa lililofungiwa ndani, ambayo wakazi wa milima ya Umatengo, huko Mbinga, wanapaswa kuihofu zaidi kuliko wa ziwani, maana huko juu baridi ya Juni na Julai huwashawishi watu kulala na jiko. Naye David Keilin, huko Cambridge mwaka 1925, aliziona sitokromu zenyewe kwa kutazama misuli ya wadudu kupitia chombo cha kuchanganua mwanga: mistari myeusi ilitokea na kupotea kadiri hewa ilivyoruhusiwa au kuzuiwa.

Oksijeni hukosekana pia nje ya mwili, ndani ya Ziwa Nyasa lenyewe. Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, ufukweni, kwa barabara ya lami hazifiki kilomita 70, na katika mwendo huo mtu hushuka kutoka kwenye migomba na kahawa za baridi hadi kwenye joto la ziwa lililo mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa nalo linaendelea kushuka. Kina chake hufika mita 700, lakini samaki wote, kuanzia usipa hadi mbasa na chambo, wanaishi katika mita kama 200 hadi 250 za juu. Chini ya hapo hakuna oksijeni. Maji ya juu ni ya joto zaidi kwa nyuzi chache tu, lakini nyuzi hizo zinatosha kuyafanya mepesi, yakakaa juu mwaka baada ya mwaka bila kuchanganyika vya kutosha na yale ya chini. Upepo wa mwera unaowapindua wavuvi hauna ubavu wa kuyafikia.

Huko chini kuna uhai hata hivyo. Bakteria wanakula mabaki yanayozama kutoka juu, nao pia wana elektroni za kuzikabidhi mahali fulani. Kwa kukosa oksijeni huzikabidhi kwa salfeti iliyoyeyuka majini, na badala ya maji hutoa salfaidi hidrojeni, hewa yenye harufu ya yai viza. Hewa hiyo, ikimfikia kiumbe anayetumia oksijeni, hushika kimeng'enya kile kile kinachoshikwa na sianidi. Sijui kama kuna mahali pengine ambapo somo hili limekaa wazi namna hii: ufukweni pameanikwa makopa yenye sumu ya sitokromu oksidesi, na ukitazama majini, mita mia chache chini ya mitumbwi, kuna sumu nyingine ya mlango huo huo.

Wapo wanaoujua mpaka wa maji hayo na kuutumia. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda angani kwa mabilioni hadi wakaonekana kwa mbali kama moshi, ambao hata David Livingstone aliwaandika katika karne ya 19, huanza maisha yao majini wakiwa viluwiluwi vinavyopitisha mwanga. Mchana huzama chini, karibu na pale oksijeni inapokwisha, mahali ambapo samaki wengi hawathubutu kuwafuata. Usiku hupanda kula. Na wapo samaki waliojaribu kuwafuata. Katika jamii za samaki wa maji ya kina wa ziwa hili, wataalamu wa jeni wamekuta mabadiliko katika jeni za himoglobini, ile protini inayonyakua oksijeni, tofauti na za ndugu zao wanaoishi kwenye miamba ya kando.

Binadamu hana uvumilivu huo. Mvuvi anayepiga kafi kurudi nyumbani dhidi ya mwera huchoma glukosi haraka kuliko damu inavyoweza kumletea oksijeni, na kwa muda mfupi misuli yake hurudi kwenye zile ATP mbili za mwanzo, ikitoa asidi ya laktiki. Asidi hiyo imesingiziwa mengi, pamoja na maumivu ya misuli ya siku ya pili, ambayo haihusiki nayo. Huwa imeshaondoka ndani ya saa moja au mbili, ikitumiwa na moyo na ini kama chakula. Vijidudu vinavyokula ule utelezi wa kahawa iliyovundikwa kwenye matangi, huko Umatengo, vinaishi kwa mtindo huo huo, na tangi linavyozidi kuwa chachu ndivyo mkulima anavyojua kazi inaendelea. Hamira kwenye pombe ya mahindi hufanya vivyo hivyo, ila yenyewe hutoa alkoholi. Viumbe hawa wameridhika na kidogo kwa kuwa hawana misuli ya kuendesha wala ubongo wa kulisha.

Neva ndefu kuliko zote mwilini ni miongoni mwa seli zenye matumizi makubwa ya nguvu, na hapa tunarudi kwa mtoto wa Mbinga. Konzo huharibu seli za ubongo zinazotuma amri hadi chini kwenye uti wa mgongo, kwa ajili ya miguu. Wataalamu bado wanabishana ni sianidi yenyewe inayoziua, au ni mojawapo ya kemikali inazogeuka. Hawabishani kuhusu sharti la pili la ugonjwa: upungufu wa salfa katika chakula. Mwili wetu una kinga dhidi ya sianidi, kimeng'enya kiitwacho rodanesi, kinachokaa humo humo kwenye mitokondria. Huibandika sianidi kwenye salfa na kuifanya thiosaianeti, ambayo hutoka na mkojo. Ndiyo maana watafiti waliokwenda vijijini walikusanya mikojo ya watoto wa shule: wingi wa thiosaianeti ndio unaoonyesha sianidi iliyoliwa.

Salfa hiyo hutoka katika protini, na muhogo hauna protini ya kutosha. Hutoka katika maharage kwa kiasi, na katika samaki kwa wingi. Kibakuli cha usipa kando ya ugali wa muhogo ni dawa ya kila siku, hata kama hakuna aliyekipika kwa nia hiyo. Familia ya ufukweni inayovua usipa kwa taa na kuwaanika mchangani inaweza kula muhogo mchungu miaka nenda rudi bila madhara. Anayeuza usipa wote ili apate fedha, au anayeishi mbali na ziwa na kunde zake zimekauka, hubaki na ugali mtupu, na kila tonge linachukua kutoka mwilini salfa ambayo halirudishi.

Kuwaambia watu waache muhogo mchungu ni ushauri wa asiyelima. Ng'ambo ya ziwa, Nkhata Bay nchini Malawi, Linley Chiwona-Karltun na wenzake waliwasikiliza wanawake wanaoupanda kwa kuuchagua, wakijua vizuri upi mchungu na upi mtamu. Mtamu huliwa na nyani, nguruwe na wezi. Mchungu hukaa ardhini hadi mwenyewe auhitaji.

Kwa hiyo suluhisho limetafutwa kwenye unga. Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alibuni njia ambayo ilifundishwa kwa kina mama wa vijiji vilivyokumbwa na konzo kusini mwa Tanzania, na haihitaji kifaa chochote cha kununua. Unga wa muhogo mkavu hutiwa kwenye beseni na kimo chake huwekwa alama ubavuni. Maji huongezwa kidogo kidogo huku ukikorogwa. Mwanzoni unga hushuka, kisha hupanda taratibu, na ukifika tena kwenye alama maji yametosha. Hutandazwa kwenye mkeka, unene wa sentimita moja usizidi, na kuachwa saa mbili juani au saa tano kivulini. Kimeng'enya kilichosalia ndani ya unga mkavu huamka kikipata maji na kumalizia linamarini iliyobaki. Sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 tu, chini ya joto la mchana wa kawaida Mbamba Bay, hivyo huruka yenyewe. Unga huo hupikwa siku ile ile, kabla haujaota ukungu.